Matarumbeta ya Wazee wa Old Moshi

Tarumbeta halina huruma na umri. Mpiga gitaa akifika miaka sabini anaweza kupunguza mbwembwe, vidole vikafuata mazoea, na wimbo ukaenda. Mpuliza tarumbeta hana ujanja huo. Anategemea mapafu, midomo na meno ya mbele, na uzee hupenda kuanzia hapohapo. Midomo ikilegea, noti za juu zinamkimbia. Jino moja la mbele likitoka, kipulizio hakina tena pa kuegemea, na mtu aliyepiga sauti ya kwanza tangu ujana anajikuta anatoa upepo tu.

Kwa hesabu hiyo, kwaya za tarumbeta za sharika za Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro zingekuwa za vijana watupu. Mambo hayakwenda hivyo. Kuanzia Machame hadi Mamba, na Old Moshi ikiwa katikati, mstaafu mwenye mvi kukaa benchi moja na kijana wa sekondari, kila mmoja na shaba yake mapajani, si jambo la kushangaza mtu. Sababu zake ni za kihistoria, na baadhi hazihusiani kabisa na muziki.

Old Moshi ndiyo Moshi ya kwanza. Kabla mji wa tambarare haujakuwapo, mtu akisema anakwenda Moshi alikuwa na maana ya kupanda huku juu, kwenye himaya ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na baada yake mwanawe Meli. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika 1885 na kuondoka 1892. Walutheri wa Leipzig, walioanzia Machame mwaka 1893, walifungua kituo chao Moshi mwaka 1896, pale Kidia. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na wenzake, na kisa hicho bado kinasimuliwa huko kama cha juzi. Kisha reli kutoka Tanga ikafika tambarare mwaka 1911, stesheni ikachukua jina la Moshi, na wenye jina lao wakaachiwa neno "Old" la kulitanguliza. Wamelibeba hadi leo.

Mlima wenyewe ulikuwa umezoea kuitana kwa kupuliza. Pembe la mnyama liliwaita wanaume vitani, na liliwaita kwenye kazi za pamoja kama kuzibua mifereji inayoshusha maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya familia, kazi ambazo watu wa huko huziita msaragambo. Lilikuwa pembe la amri. Likilia, mwenye nguvu anatoka. Nani atoke na nani abaki liliamuliwa na rika: vijana wa rika fulani walitahiriwa pamoja, wakafundwa pamoja, wakapigana pamoja, na baadaye wakazeeka pamoja, wakapisha rika lililofuata. Kila umri ulikuwa na kazi yake, na mtu mzima hakurudi kuifanya kazi ya vijana.

Shaba ya Kizungu ilikuja kwa njia mbili ambazo hazikupendana. Ya kwanza ilikuwa ya jeshi na serikali. Wajerumani walikuwa na matarumbeta ya askari wao, na shule yao ya serikali mjini Tanga ilikuwa na bendi kamili ya vijana wa Kiafrika. Kutoka njia hiyo, ikichanganyika na mambo ya pwani ya Kenya ya miaka ya 1890, ilizaliwa beni: ngoma ya gwaride, sare na vyeo, ambamo mtu aliyekuwa mpagazi Jumatatu aliweza kuwa jenerali Jumapili. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 viliwabeba askari na wapagazi wa pande zote mbili kila pembe ya Tanganyika, na vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vikabebwa pamoja nao. Beni ilikuwa ya kujionyesha, na uwanja ulikuwa wa wenye miguu myepesi. Wamisionari waliitazama kwa jicho baya, kama walivyozitazama ngoma nyingine nyingi.

Njia ya pili ilianzia vijijini Ujerumani. Mwaka 1843 huko Jöllenbeck, karibu na mji wa Bielefeld, vijana wa usharika mmoja walianzisha kikundi cha kupuliza nyimbo za kanisa. Mtindo huo ulienea kwa kasi miongoni mwa wakulima na mafundi, na aliyeupa umbo ni mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kati ya 1856 na 1941 na kufanya kazi Bethel, Bielefeld hiyohiyo. Wajerumani walimwita jenerali wa matarumbeta. Kiungo chake na huku si cha mbali: jina la Bethel wanalifahamu Walutheri wa Usambara, kwani misheni iliyoanza kazi Mlalo mwaka 1891 ilikuja kuhamishia makao yake Bethel mwaka 1906.

Kuhlo alisisitiza jambo moja la kiufundi ambalo linastahili maelezo kidogo, maana bila hilo mzee wa Old Moshi asingekuwa na nafasi. Katika bendi ya jeshi, kila aina ya tarumbeta huandikiwa noti zake za pekee. Noti inayoitwa "do" kwenye karatasi ya tarumbeta moja si "do" ya piano, na mwenye chombo kingine akiichukua karatasi hiyo anapotea. Kuhlo aliona hilo ni kuwapa kazi bure watu wa kanisa. Akawafundisha wapulizaji wake kusoma noti kama zinavyoandikwa kwa ajili ya waimbaji na kinanda. Kwa hiyo kitabu kimoja cha nyimbo kikawatosha wote, na sauti nne za kwaya zikawa ndizo sauti nne za matarumbeta. Aliyeimba besi kwa miaka thelathini anapopewa tarumbeta kubwa tayari anao wimbo wote kichwani, na anajua wapi besi inashuka, wapi inangoja na wapi inaingia peke yake. Kilichobaki ni kuufundisha mdomo na kuvizoesha vidole vitatu.

Mtu wa miaka hamsini na tano aliyelelewa katika kwaya, basi, haanzi na mikono mitupu.

Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia matarumbeta ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuingia katika maisha ya misheni ya Leipzig huku mlimani. Old Moshi wakati huo ilikuwa chini ya mtu mwenye msimamo wake. Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden mwaka 1876, alifika Kilimanjaro 1902, akatumikia Old Moshi kuanzia 1910 hadi Waingereza walipowafukuza Wajerumani mwaka 1920, akarudi katikati ya muongo huo na kukaa hadi 1938. Aliandika vitabu vizito juu ya sheria na mafundisho ya Wachaga, na alishikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya nguzo tatu zilizokuwapo kabla yake: ukoo, ujirani na rika. Wenzake wengi walimwona anazidisha. Alikuwa sahihi katika mambo mengi, lakini katika hili la tarumbeta historia ilimpita pembeni, kwa sababu kwaya ya shaba ilipanga watu kwa sauti na ikaliacha rika nje ya mlango. Baba wa sauti ya tatu alikaa nyuma ya mwanawe wa sauti ya pili, na hakuna aliyehesabu ni nani alitahiriwa mwaka gani.

Wajerumani waliondolewa mara mbili, kwanza 1920, kisha vilipoanza Vita vya Pili vya Dunia walipokamatwa na kuwekwa kizuizini. Kila mara sharika ziliendelea mikononi mwa walimu, wazee wa kanisa na, kuanzia 1934, wachungaji wenyeji. Walutheri wa Kimarekani walisaidia, lakini ibada ya kila Jumapili iliongozwa na watu wa mlimani wenyewe. Kufikia 1960, Stefano Moshi wa Kotela, Mamba, alipokuwa askofu, na 1963 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa, hakuna aliyekuwa akiliona tarumbeta kama mali ya Mzungu. Lilikuwa la usharika.

Na hilo ni la kuchukuliwa kwa maana yake halisi: tarumbeta ni mali ya usharika. Tarumbeta jipya ni ghali mno kwa mkulima wa migomba na kahawa, na tuba ni ghali kwa karibu mtu yeyote. Vyombo vingi vilinunuliwa kwa michango au vilikuja kama msaada kutoka sharika rafiki za Ujerumani, vingine vikiwa vimekwisha kutumika, vyenye bonyeo au kiraka cha risasi mahali fulani. Anayekipiga hakimiliki, na akihama anakiacha. Ndiyo maana kila mara hutokea chombo kisicho na mtu, na kila mara hutafutwa mtu wa kukishika. Katika bendi ya dansi anayetaka kujiunga ndiye atakayebisha hodi, tena aje na gitaa lake. Kwenye usharika chombo ndicho kinachomngoja mtu.

Nani yupo wa kukishika? Hapa kahawa inaingia. Chama cha wakulima wa Kilimanjaro kilianza 1925, kikawa KNCU mwaka 1933, na kwa miongo kadhaa pesa ya kahawa ilijenga shule na makanisa na kusomesha watoto. Watoto waliosoma waliondoka: walimu, makarani, madaktari, wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulipovunjika na bei ikaanguka, hata waliokuwa wamebaki wakaona kihamba hakiwalishi. Baadhi waling'oa mibuni, wengi wakawaambia wana wao watafute maisha mjini. Sharika za juu zikabaki na watoto wa shule na watu wazima wenye umri, na pengo kubwa katikati.

Pengo hilo linajazwa kwa namna mbili. Ya Desemba ni ya muda mfupi: Wachaga wanarudi kwao, "wanakwenda kuhesabiwa", kama utani wa nchi nzima unavyosema. Mabasi yanajaa, na tangu treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi irudi Desemba 2019, baada ya takriban miaka ishirini na tano ya ukimya, nayo inajaa. Kwa wiki mbili kwaya inavimba. Mtu aliyeondoka na sauti ya pili ya mwaka 1985 anaikuta palepale, akiwa na kitambi na miwani, na anagundua kwamba vidole vinakumbuka kuliko midomo.

Ya pili ni ya kudumu. Mtumishi wa serikali Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Kwa Mchaga kustaafu mara nyingi ni kurudi, kwa kuwa nyumba imekwisha kujengwa kihambani na makaburi ya wazazi yako palepale. Mwalimu mkuu wa jana anaamka saa kumi na mbili bila kengele ya shule, anatazama migomba, na ikifika saa nne amemaliza. Usharika unamjua. Atapewa kamati ya ujenzi, ambayo hakuna anayeitaka, na kama aliwahi kuimba, ataulizwa kuhusu lile besi lililokaa stoo.

Mazoezi ya watu wa namna hiyo yana adabu yake. Wanaanza na noti moja ndefu, wote pamoja, na hapo ndipo umri unapojulikana. Noti ya mzee inatetemeka mwishoni, mabega yanapanda, kisha anatoa chombo mdomoni huku duara la kipulizio limebaki limechorwa juu ya mdomo. Anabonyeza kile kitufe kidogo cha chini, anapuliza bila sauti, na matone yanadondoka sakafuni. Wageni hudhani ni mate. Mengi ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya shaba, na kwenye baridi ya asubuhi ya Old Moshi, mwezi wa Julai, hujaa haraka.

Tatizo la heshima ni gumu kuliko la pumzi. Anayefundisha mara nyingi ni kijana, na wa kukosolewa ni mtu anayemwamkia shikamoo. Kwaya ilikwisha kulipatia dawa zamani: humkosoi mtu, unakosoa sauti. "Sauti ya nne, turudie kuanzia mstari wa pili." Kila aliye katika sauti ya nne anajua ni nani aliyepotea, na hakuna aliyetajwa. Naye mzee, ambaye nyumbani haitwi ila baba au babu, anamwita kijana yule "mwalimu", na wala hatanii.

Kuhusu meno, ufumbuzi ni kushuka. Kipulizio cha tarumbeta dogo ni chembamba na kinataka shinikizo kali mahali padogo. Cha tromboni ni kipana zaidi, na cha tuba kinakaribia kuubeba mdomo mzima, hivyo hakiudai sana kila jino. Noti zake ni za chini na hazihitaji midomo iliyokazwa kama ya kijana. Kuna wanaozoea kupiga na meno ya bandia pia, ingawa inabidi wajifunze upya mahali pa kukiweka kipulizio, na wakati mwingine meno yenyewe huamua kushiriki katika wimbo. Kwa hiyo mpulizaji anayezeeka huhama kutoka sauti ya kwanza kwenda ya tatu, na kutoka ya tatu kwenda besi. Pumzi inayodaiwa na tuba ni nyingi, hilo halina ubishi, lakini besi za nyimbo za kanisa hupumua kila mwisho wa mstari, na wapiga besi wawili wanaweza kupokezana bila msharika yeyote kugundua.

Linganisha na uzee wa wanamuziki wa kazi. Muhidin Gurumo aliimba dansi kwa zaidi ya nusu karne, akastaafu 2013 na kufariki Aprili 2014. Sauti yake ilijulikana nchi nzima, lakini gari aliletewa kama zawadi na Diamond Platnumz mwaka uleule wa kustaafu. Miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam, shirika la kuhudumia wazee la HelpAge lilisaidia kuunda Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe waliokuwa wamesahaulika, akiwamo Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora. Bi Kidude wa Zanzibar aliimba nayo, na mwaka 1995 ilifika hadi Uingereza. Ilikuwa bendi nzuri, lakini ilihitaji shirika, mradi na mfadhili. Bendi za dansi hazikuwa na benchi la mzee. Mtu alipiga hadi jukwaa lilipomchoka. Marekani nako, mwaka 1991 huko Rochester, New York, Roy Ernst wa chuo cha muziki cha Eastman alianzisha New Horizons, bendi ya watu wa makamo na wastaafu wanaoanza au kurudia chombo, na wazo hilo likaenea kwenye miji mingi. Huko ilibidi mtu aligundue wazo hilo. Old Moshi lilikuwa limekaa kwenye stoo ya kanisa.

Sifa hizo zisizidi kipimo. Benchi hilo limekuwa la wanaume kwa muda mrefu mno. Mwanamke aliyefikisha miaka sitini ana kwaya ya akina mama na anaiongoza kwa mkono wa chuma, lakini kama hakupewa tarumbeta akiwa msichana, ni nadra kupewa akiwa bibi. Wasichana wanaopuliza sasa wapo, na wao ndio watakaokuwa bibi wa kwanza wenye besi. Kisha kuna soko la mjini. Jumamosi Moshi mjini, bendi ya matarumbeta hupanda nyuma ya pikapu, ikatangulia gari la maharusi na kuzunguka kipilefti mara kadhaa huku honi zikiitikia. Hiyo ni kazi ya malipo, ya kusimama juu ya gari linaloyumba kwenye jua, na vijana wameichukua. Wengi wao walijifunzia kanisani, na mlimani wapo wanaonung'unika kwamba usharika umegeuka chuo cha ufundi cha harusi za watu wengine. Manung'uniko hayo yana ukweli, ingawa wanaonung'unika nao hupiga makofi pikapu inapopita.

Vinanda vya umeme na spika vimechukua sehemu kubwa ya ibada ya Jumapili. Havikuweza kuchukua mazishi. Mchaga huzikwa kihambani, mara nyingi kwenye mteremko usiofikika kwa gari, chini ya migomba ambako hakuna umeme wa kuchomeka chochote. Watu ni mamia, wamesimama kwenye matuta na njia za mifereji, na nyimbo zinataka kitu cha kuzishika zisisambaratike kati ya walio juu na walio chini. Shaba inasikika. Na msiba hauchagui siku: ukiangukia Jumatano saa nane mchana, vijana wako shuleni au kwenye bodaboda zao, na walio huru kupanda na chombo begani ni wastaafu. Wanakwenda polepole, wakipumzika kwenye kona, mwenye tuba akisaidiwa na mjukuu wa mtu yeyote aliye karibu. Wakifika wanapanga mstari kwa sauti, ya kwanza upande huu, besi upande ule, wanatafuta namba ya wimbo, na anayeongoza anahesabu.

Siku aliyefariki ni mpulizaji mwenyewe, chombo chake hurudi usharikani. Kitafutiwe mdomo mwingine: pengine wa mtoto wa kipaimara, pengine wa mhasibu aliyerudi kutoka Dar es Salaam mwaka huohuo, mwenye miaka sitini na moja, anayeuliza kama bado anaweza kujifunza na kama besi ni nzito.